La Mgambo Likilia: Tuzo za Filamu za Mwaka 1954 na Neno Ambalo Hatukulisema

Wahenga walinena kwamba la mgambo likilia kuna jambo. Makala haya yananuia kulidurusu jambo moja lililolia mbali nasi, jijini Los Angeles, usiku wa tarehe 25 Machi 1954, wakati Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani ilipotoa tuzo zake za Oscar kwa filamu za mwaka 1953. Huenda msomaji akajiuliza: tuzo za filamu za Wamarekani zina uhusiano gani na jarida la Idara ya Kiswahili? Tunamwomba subira. Katika orodha ya usiku ule limo neno moja ambalo dunia iliambiwa kuwa ni la Kiswahili. Sisi wenyewe tuliliamini, tukalifundisha, na tukasahihishwa na mwanafunzi wetu.

Ilikuwa hivi. Kwa miaka kadhaa, katika somo la tafsiri la mwaka wa kwanza, tulikuwa na mazoea ya kutaja maneno ya Kiswahili yaliyovuka bahari: safari, simba, bwana, hatari. Katika orodha hiyo tulilitia pia neno "mogambo", jina la filamu ya mwaka 1953, na tulieleza, kama tulivyosoma mahali, kwamba maana yake ni mahaba makali au ashiki. Siku moja mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Kwetu neno hilo halipo." Tulimwuliza kwao ni wapi. Akajibu kwamba amezaliwa Mombasa, lakini babu na bibi zake ni watu wa Kudha, katika visiwa vya Wabajuni, kusini mwa Kismayo.

Tulimjibu kama walimu wengi tunavyojibu tunapobanwa: tulisema huenda ni neno la lahaja nyingine. Yeye hakubishana. Jioni alimpigia babu yake simu, na kesho yake akatuletea jawabu, ambalo tunalieleza hapa kwa Kiswahili sanifu. Mzee alisema mgambo anaujua: ni mbiu inayopigwa watu wakusanyike wasikie habari. Mogambo haujui, wala hajapata kumsikia mtu wa Kudha, Koyama, Chula wala Kismayo akiutamka. Kisha mzee akauliza swali ambalo ndilo chanzo cha makala haya: "Huyo aliyesema ni neno letu, alimwuliza nani?"

Orodha ya usiku ule

Tuanze na orodha yenyewe. Sherehe ya mwaka ule, ya 26 tangu tuzo hizo zianzishwe, ilifanyika katika kumbi mbili kwa wakati mmoja, Hollywood na New York, na ilikuwa mara ya pili kuonyeshwa kwenye televisheni. Filamu iliyotia fora ilikuwa From Here to Eternity, iliyoongozwa na Fred Zinnemann. Iliteuliwa mara 13 na kujinyakulia tuzo nane, ikiwemo ya filamu bora. Tuzo ya mwigizaji bora wa kiume ilikwenda kwa William Holden kwa filamu ya Stalag 17. Ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Audrey Hepburn kwa Roman Holiday. Waigizaji wasaidizi walioshinda walikuwa Frank Sinatra na Donna Reed, wote wawili wa From Here to Eternity.

Filamu ya Mogambo iliteuliwa mara mbili. Ava Gardner aliwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike pamoja na Hepburn, Leslie Caron, Deborah Kerr na Maggie McNamara. Grace Kelly aliwania tuzo ya mwigizaji msaidizi pamoja na Reed, Geraldine Page, Marjorie Rambeau na Thelma Ritter. Wote wawili walirudi mikono mitupu, ingawa Kelly alikuwa amekwisha kupata tuzo ya Golden Globe kwa uigizaji huohuo mnamo Januari.

Sinatra hakucheza katika Mogambo, lakini aliifahamu vizuri. Wakati huo alikuwa mume wa Ava Gardner, na mwishoni mwa mwaka 1952 alifuatana naye hadi Kenya, akawa hana kazi ila kumngojea mkewe kambini. Akiwa huko aliitwa arudi Marekani kufanyiwa majaribio ya filamu nyingine. Filamu hiyo ndiyo From Here to Eternity. Hivyo, mtu aliyekuja Afrika Mashariki kama msindikizaji ndiye aliyeondoka na sanamu ya dhahabu, ilhali waliokuja kufanya kazi hawakupata.

Filamu na mahali ilipopigwa

Mogambo iliongozwa na John Ford na kutayarishwa na Sam Zimbalist kwa niaba ya kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Haikuwa hadithi mpya. Ilikuwa marudio ya Red Dust ya mwaka 1932, iliyohusu shamba la mpira huko Indochina, na Clark Gable aliigiza mhusika mkuu katika zote mbili. Kilichobadilishwa ni mandhari: shamba la mpira la Asia likawa kambi ya mwindaji wa Kizungu Afrika. Jambo hili ni muhimu kwa hoja yetu. Hadithi inayoweza kuhamishwa kutoka bara moja hadi jingine bila kubadilika kiini haikuwahitaji sana wenyeji wa bara lolote kati ya hayo. Waliohitajika ni wanyama, mito, ngoma, na watu wa kupita nyuma ya waigizaji.

Upigaji picha ulianza Novemba 1952 na kuendelea hadi mwanzo wa 1953. Sehemu zilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda, na Kongo ya Wafaransa walikotafutwa sokwe, na sehemu za ndani ya nyumba zikamaliziwa studio Uingereza. Msomaji wa Kenya hahitaji kukumbushwa maana ya miezi hiyo. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria ikaanza mwezi Desemba. Wakati nchi ikiwa katika misukosuko hiyo, kambi kubwa ya mahema ilikuwa imejengwa kando ya mto Kagera kwa ajili ya hadithi ya mwanamume mmoja na wanawake wawili wanaompenda. Ya Kapenguria hayakuingia ndani ya filamu.

Muziki nao una habari yake. Filamu hii haikutungiwa muziki wa okestra kama ilivyokuwa desturi ya Hollywood. Badala yake ilitumia ngoma na nyimbo za wenyeji. Mwanzoni mwa filamu yanatajwa makabila yaliyoshiriki, wakiwemo Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika na Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji. Tuseme kweli: kutajwa huku ni bora kuliko kimya. Hata hivyo, kabila halipigi ngoma. Ngoma hupigwa na mtu, na mtu ana jina. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyetajwa kwa jina lake.

Neno lenyewe

Sasa tuje kwenye jina la filamu. Kwa zaidi ya miaka 70 imekuwa ikirudiwa kwamba "mogambo" ni Kiswahili cha mahaba au ashiki. Wanahistoria wa filamu wanasimulia habari tofauti: kwamba Zimbalist aliligeuza kidogo jina la klabu ya usiku ya Hollywood iliyoitwa Mocambo. Tukiiacha habari hiyo na kulipima neno kwa mizani ya isimu peke yake, bado halisimami.

Kwanza, maana. Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya jambo hili. Tuna mahaba, huba, ashiki, shauku, pendo, mapenzi, na katika ushairi wa kaskazini tuna nyonda. Lugha yenye akiba hiyo haikuhitaji kuazimwa neno kutoka Hollywood.

Pili, umbo. Nomino za ngeli ya M-MI huanza kwa m- au mw-, na pengine mu-. Mwanafunzi makini atauliza: mbona tuna moyo, moto na moshi? Jawabu ni kwamba o katika maneno hayo ni mali ya shina, si ya kiambishi. Ndiyo maana wingi wake ni mioyo, mioto na mioshi. Kama "mogambo" lingekuwa na muundo huo, wingi wake ungekuwa "miogambo", na hapo darasa zima linacheka. Kicheko hicho ni ushahidi tosha. Msemaji wa lugha huwa na kanuni kichwani hata kama hajafundishwa kuitaja.

Tatu, neno lililo karibu nalo lipo, na lina maana nyingine kabisa. Mgambo ni tangazo la hadhara, mbiu ya kuwakusanya watu, na ndiyo maana methali tuliyoanza nayo ikasema "la mgambo", yaani baragumu la mgambo. Nchini Tanzania neno hilo limepanuka likawa na maana ya askari wa akiba, watu wanaoitwa jambo linapotokea. Ukitazama lugha za jirani utaona udugu mpana zaidi. Waganda husema kugamba kwa maana ya kusema, na ekigambo kwa maana ya neno. Sisi tuna kitenzi cha kale kuamba, kilichobaki katika ambia na katika amba- ya virejeshi. Kwa hiyo, ukilifuata shina -gamb- katika eneo letu hufiki kwenye ashiki. Unafika kwenye kusema.

Hapo ndipo kejeli ya jambo hili ilipo. Jina lililobandikwa juu ya filamu ambayo Waafrika wake hawana la kusema linafanana na neno la kusema.

Tusilaumu ujinga peke yake. Waandishi wa maisha ya Grace Kelly wanasimulia kwamba alijifunza Kiswahili kidogo kwa ajili ya safari ile. Aidha, kambini walikuwepo madereva, wapishi, wapagazi na wakalimani waliokijua Kiswahili. Swali la mzee wa Kudha linabaki palepale: aliulizwa nani? Aliyetaka kulihakiki neno hilo angepata jibu kabla chai haijapoa.

Uongo ukishapewa jukwaa hauchoki. Vijana wa mwambao, ambao wazazi wao walilelewa kwa filamu za Kihindi, walilijua jina Mogambo kwa njia nyingine: ndilo jina la adui mkuu katika filamu ya Mr. India ya mwaka 1987, aliyeigizwa na Amrish Puri. Tulipouliza darasani, wanafunzi watatu walidhani ni neno la Kihindi. Wawili walidhani ni la Kiswahili kwa sababu sisi tuliwaambia. Mmoja tu ndiye aliyekwenda kuuliza wenye lugha.

Walioachwa nje ya orodha

Orodha ya tuzo ina tabia moja ambayo walimu tunaifahamu kutokana na orodha za matokeo ya mitihani. Inaonyesha waliofaulu na waliokaribia kufaulu, nayo haisemi ni nani hakuruhusiwa kuingia chumbani.

Wakati wa kupiga Mogambo, msaidizi kijana wa mwongozaji, Mwingereza, alikufa katika ajali ya gari. Waafrika wawili walikufa pia katika ajali za barabarani za kazi hiyohiyo. Jina la Mwingereza linapatikana katika vitabu vinavyoisimulia filamu hiyo. Wale wengine husimuliwa kwa hesabu: Waafrika wawili.

Si kwamba haikuwezekana kuwataja watu. Miaka mitatu nyuma, tarehe 29 Machi 1951, filamu ya King Solomon's Mines, iliyopigwa katika eneo letuletu, ilipata tuzo ya upigaji picha wa rangi na ya uhariri, na iliwania tuzo ya filamu bora. Ndani yake waigizaji wa Kiafrika kama Siriaque na Kimursi walipewa wahusika wenye majina na wakatajwa katika orodha ya waigizaji. Hakuna aliyefikiria kuwateua kwa tuzo, lakini angalau mtazamaji aliweza kuwajua. Robert Surtees, aliyeshinda kwa upigaji picha wa filamu ile, ndiye aliyepiga pia sehemu za Afrika za Mogambo.

Orodha ya 1954 yenyewe ilikuwa na uongo mwingine, na huu unatupa matumaini. Tuzo ya hadithi bora ilitolewa kwa Roman Holiday, kwa jina la Ian McLellan Hunter. Aliyeiandika hadithi hiyo ni Dalton Trumbo, ambaye alikuwa amefungwa jela mwaka 1950 na kupigwa marufuku na studio kwa sababu za kisiasa, akalazimika kuuza kazi yake chini ya jina la rafiki yake. Trumbo alifariki mwaka 1976. Mwaka 1993 Akademia ilikubali ukweli, ikamkabidhi mjane wake sanamu ya tuzo ile. Miaka karibu 40 ilipita, lakini orodha ilisahihishwa.

Tunajifunza nini? Kwamba orodha si msahafu. Imeandikwa na watu, na watu wanaweza kuirekebisha, mradi awepo anayejali na mwenye ushahidi. Trumbo alikuwa na marafiki walioujua ukweli na waliokataa kunyamaza. Neno letu je, lina marafiki?

Kaizari katika orodha ileile

Katika orodha ya usiku ule imo pia filamu ambayo mwalimu wa Kiswahili hawezi kuipita bila kusimama. Ni Julius Caesar, iliyoongozwa na Joseph Mankiewicz kutokana na tamthilia ya Shakespeare. Iliteuliwa mara tano, zikiwemo filamu bora na mwigizaji bora wa kiume kwa Marlon Brando aliyeigiza Mark Antony, na ikashinda tuzo moja, ya usanifu wa mandhari kwa filamu za nyeusi na nyeupe.

Wakati Brando akikosa tuzo Hollywood, Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule huko Pugu, karibu na Dar es Salaam. Julai ya mwaka huohuo, 1954, chama cha TANU kiliundwa chini ya uongozi wake. Mwaka 1963, akiwa rais, alichapisha tafsiri ya tamthilia ileile kwa Kiswahili, na mwaka 1969 akaitoa upya baada ya kuirekebisha, kwa jina la Juliasi Kaizari.

Tulinganishe. Hollywood ilichukua herufi zilizosikika kama za Kiafrika, ikazibandika juu ya hadithi yake, na kusema ni Kiswahili. Nyerere alichukua kazi ya Mwingereza, akaipima neno kwa neno na mizani kwa mizani, akaifanya izungumze Kiswahili. Kisha alirudi akaisahihisha kazi yake mwenyewe. Kilichowatofautisha hapa ni adabu ya kuuliza, na unyenyekevu wa kurekebisha.

Orodha zetu wenyewe

Hadi hapa tumeinyoshea Hollywood kidole, na vidole vingine vinatutazama sisi. Swali la yule mzee, "alimwuliza nani?", lilitupata hata sisi walimu.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kimaeneo kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1925, Waingereza walikuwa wameikabidhi Italia nchi ya Juba pamoja na Kismayo. Kwa kalamu hiyo moja, watu wa Kudha, ambao ni wasemaji wa Kiswahili tangu zama, walijikuta nje ya mpaka ambao kamati ile ingeushughulikia. Usiku wa tuzo wa 1954 walikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ulioendeshwa na Italia tangu 1950, na uhuru wa Somalia ulipokuja tarehe 1 Julai 1960 walihesabiwa katika taifa ambalo lugha yake kuu ni nyingine. Hakuna kamusi sanifu iliyokwenda kuwauliza.

Nasi leo? Fungua vitabu vyetu vya lahaja. Orodha huanza kaskazini: Chimwiini cha Barawa, kisha Kibajuni, ambacho pia huitwa Kitikuu. Mstari mmoja, pengine miwili. Baada ya hapo tunakimbilia Kiamu, Kimvita na Kiunguja, na huko ndiko tunakotumia muhula mzima. Tunawafundisha wanafunzi kwamba mtu kwa Kibajuni ni mchu na watu ni wachu, wanaandika, wanafaulu mtihani. Ni wangapi kati yetu waliokaa na Mbajuni na kumsikiliza kwa saa moja? Kabila halipigi ngoma, tulisema hapo juu. Lahaja nayo haisemi. Husema mtu.

Jambo hili si la kitaaluma tu. Vita vilivyoikumba Somalia kuanzia 1991 viliwakimbiza Wabajuni wengi kutoka visiwani, na maelfu walikaa katika kambi za wakimbizi pwani ya Kenya. Baadhi yao walifika Ulaya kuomba hifadhi. Katika miaka ya 2000 hasa, nchini Uingereza na kwingineko, usemi wa waombaji ulirekodiwa na kuchambuliwa ili kubainisha kama kweli wametoka visiwani au ni watu wa Kenya. Lafudhi ikawa hati ya kusafiria. Mtu aliyetamka neno kama watu wa Mombasa aliweza kuambiwa kwamba si mtu wa kwao, hata kama alitamka hivyo kwa sababu alilelewa kambini Mombasa. Mwanaisimu yeyote anajua kwamba lugha ya mtoto hufuata alikolelewa, na kwamba wakimbizi huchanganya lafudhi. Lakini ili hoja hiyo isikike, panahitajika maandishi: kamusi, masimulizi yaliyorekodiwa, sarufi, mifano ya wazee na ya vijana. Wataalamu wachache waliofanya kazi hiyo walitegemewa mno, kwa kuwa sisi wengine tulikuwa tumeridhika na mstari mmoja.

Ndipo tukatambua kwamba kosa letu la "mogambo" halikuwa la kuchekesha kama tulivyodhani. Lugha ambayo kila mtu anaweza kuisemea bila kuwauliza wenyewe ni lugha ambayo wenyewe wanaweza kukanushwa nayo. Leo ni jina la filamu. Kesho ni faili la mkimbizi.

Kutoka Mogambo hadi Watu Wote

Orodha za tuzo nazo zimesonga mbele, ingawa polepole. Mwaka 1963 filamu ya Hatari!, iliyopigwa Tanganyika na Howard Hawks, iliteuliwa kwa upigaji picha wa rangi. Jina lake lilikuwa angalau neno halisi, lenye maana ileile ambayo watu wa Arusha wangeitoa. Tarehe 2 Machi 2014 Mkenya Lupita Nyong'o alipata tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike kwa filamu ya 12 Years a Slave, tuzo ileile aliyoikosa Grace Kelly kwa Mogambo miaka 60 kabla.

Lakini kwa idara kama yetu, habari kubwa zaidi ilikuja mwaka 2018. Katika kundi la filamu fupi za maigizo iliteuliwa Watu Wote, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath na kupigwa nchini Kenya. Msingi wake ni tukio la Desemba 2015 katika kaunti ya Mandera. Washambuliaji walisimamisha basi na kutaka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa, wakawakinga wenzao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Januari 2016. Filamu haikushinda. Hata hivyo, jina lake ni Kiswahili kisicho na kasoro, na ndani yake watu wanasema Kiswahili na Kisomali, lugha mbili zinazokutana kila siku sokoni Kismayo. Watazamaji wa Hollywood walisoma tafsiri chini ya picha. Safari hii wao ndio waliohitaji mkalimani.

Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba orodha ya tuzo za mwaka 1954 ni hati ya historia, na kama hati nyingine yoyote inapaswa kusomwa kwa kuuliza nani aliandika, nani aliulizwa na nani aliachwa. Neno la uongo liliingia humo kwa sababu wenye lugha hawakuhesabiwa. Sisi tulilipokea kwa sababu lilitoka mbali na lilitufurahisha kusikia kwamba tumo.

Tumelifuta neno "mogambo" katika mhadhara wetu, na tumemwambia mwanafunzi wetu mbele ya wenzake kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Aidha, tunapendekeza mambo mawili kwa walimu wenzetu. La kwanza ni zoezi la darasani: kila mwanafunzi atafute neno moja linalodaiwa kuwa la Kiswahili katika filamu, hoteli au bidhaa, alipime kwa maana, kwa umbo, na kwa kuwauliza wazee wasiopungua watatu, kisha aandike majina ya wazee hao kwa idhini yao. La pili ni kwa wanafunzi wenye jamaa kutoka Kudha, Koyama, Chovai, Chula na Kismayo: tunaomba masimulizi, methali, majina ya samaki, ya pepo na ya sehemu za chombo, yaandikwe jinsi yanavyotamkwa nyumbani bila kusanifishwa. Idara itayapokea na kuyahifadhi, na kila mchango utabaki na jina la aliyeutoa.

Yule mzee ameahidi kuanza na majina ya pepo. Ametutumia pia sharti moja kupitia mjukuu wake: tukiwa na shaka na neno lolote, tumpigie simu kwanza, tusilisemee.